Karani hali tena dagaa

Paka wangu anaitwa Karani. Jina alipewa na bibi, kwa sababu tangu mdogo alikuwa akikaa kizingitini na kumkodolea macho kila anayeingia, kama anayemwandika daftarini. Tunaishi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na Ujiji paka kula dagaa si jambo la kuulizana. Asubuhi kiganja kimoja cha dagaa wakavu, jioni kingine, na mchuzi ukibaki unamwagiwa juu ya ukoko wa ugali. Alikula hivyo miaka minne, akanenepa. Maji alikuwa akiramba mara mbili tatu halafu anaondoka zake, nami nikajua ndivyo paka walivyo.

Februari 2024 akaanza kuchuchumaa mahali pasipo pake. Mara kwenye beseni la nguo, mara pembeni mwa jiko, mwishowe mbele yangu kabisa, mkia unatetemeka na hakuna kinachotoka. Nikasema huyu amefunga choo, nikamnywesha kijiko cha mafuta ya mawese. Jirani akashauri nimpe nusu ya panadol maana alikuwa analia. Siku hiyo ndani hazikuwemo. Baadaye niliambiwa ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile na kwamba hata kidonge kimoja kinatosha kumuua, na hadi leo nikiipita dukani namkumbuka yule jirani na huruma yake.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amejinyoosha kwenye saruji, hataki hata kunusa chakula. Bibi alimpapasa chini ya tumbo, akanishika mkono na kuniwekea hapohapo. Palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, kama ndimu kubwa.

"Hiki si choo, mjukuu wangu. Huu ni mkojo. Beberu hufungwa hivihivi."

Nikamtia kwenye kikapu, nikafunga khanga juu, nikapanda bodaboda hadi kwa bwana mifugo. Mteja wake wa kawaida ni ng'ombe na mbuzi, na mrija wa kumfungulia paka hakuwa nao. Alimchoma sindano ya usingizi, akachukua kanula ndogo ya kuwekea dripu, akaichomoa sindano yake na kuuacha ule mrija laini tu, akaanza kuusukuma taratibu huku akimwingizia maji ya chumvi ya hospitali. Niligeukia ukutani. Niliposikia mkojo unamwagika kwenye bakuli nikageuka, nikauona mwekundu kama chai ya rangi.

Alinieleza kwamba njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, na ikiziba kabisa sumu hurudi kwenye damu, moyo ukasimama ndani ya siku mbili au tatu. Mimi nilikuwa nimeshapoteza moja kwa mawese.

Mkojo kidogo tuliupeleka maabara, ukatazamwa kwa hadubini. Fundi wa maabara akaniita nichungulie. Vilikuwa vipande vya kung'aa, vimekatwa pembe sawasawa, na akasema vitabu vyao vinavifananisha na kifuniko cha jeneza. Ni fuwele za struvaiti, zinazotengenezwa na magnesiamu, amonia na fosfeti. Bwana mifugo akaniambia nishukuru, kwa sababu hizo zinaweza kuyeyushwa kwa chakula. Zipo za aina nyingine, za oksaleti, ambazo ukizipata chakula hakizitoi.

"Unampa nini, dada?"

"Dagaa, daktari."

"Wakavu?"

"Wakavu."

"Na maji anakunywa?"

Hapo nikanyamaza.

Dagaa, alivyonielewesha, huliwa na kichwa chake na mifupa yake yote, na humo ndimo ilimojaa fosforasi na magnesiamu. Lakini hilo kwake lilikuwa la pili. La kwanza ni ukavu. Asili ya paka ni nchi kame, kiu haimsumbui kama inavyomsumbua mbwa. Akikamata panya, sehemu kubwa ya ule mwili ni maji, basi amekula na amekunywa kwa pamoja. Wangu nilikuwa nampa kitu kilichoanikwa juani hadi kikakakamaa, mkojo ukawa mzito, na mkojo mzito ndio unaogandisha fuwele.

Alitaka wiki za mwanzo apate chakula maalumu cha paka wenye matatizo ya mkojo, kile kinachoufanya mkojo uwe na asidi kidogo na kina madini machache. Kigoma sikukipata. Dada yangu alikitafuta Dar es Salaam akanitumia mfuko mdogo kwa basi, na bei yake ilikuwa mshono wa magauni mawili. Nikakiloweka maji ya uvuguvugu kama nilivyoagizwa. Karani akakinusa, akakifukia kwa mguu kama anayefukia choo, akaenda kulala.

Hapa ndipo nilipotaabika kuliko pote. Nilidhani njaa itamfundisha. Nilipopiga simu siku ya pili, bwana mifugo alifoka: paka, tena mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini, na unaweza kumpoteza kwa ugonjwa ambao hakuja nao. Basi nikakaanga dagaa watatu bila mafuta, nikawatwanga wakawa unga, nikauweka kwenye kichupa cha pilipili manga. Chembe kidogo juu ya chakula, kama mtu anayenyunyiza udi. Akala. Kila baada ya siku mbili nikapunguza chembe. Ilichukua karibu wiki tatu hadi kichupa kikarudi kwenye pilipili manga, na bibi alikuwa akinitazama akicheka: "Sisi tunakula ugali wa jana, paka anapambiwa sahani."

Mfuko ulipoisha, na mkojo ulipopimwa tena ukawa safi, tukahamia chakula cha nyumbani. Minofu ya mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Mioyo ya kuku na firigisi. Ini kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara moja kwa wiki, kwa sababu likizidi vitamini A yake hudhuru mifupa. Unga wa ganda la yai kwa kipimo alichonipa mwenyewe, kwa kuwa minofu peke yake haina kalisi ya kutosha. Samaki mbichi alikataza, kwani baadhi yao wana kitu kinachoua vitamini B1. Na supu simwagi. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini, paka asipokipata moyo na macho yake huharibika, na nyama ikichemshwa hukimbilia kwenye maji. Kwa hiyo supu yote inarudi kwenye sahani, na ndiyo inayomnywesha. Ana kilo nne na ushee, nilimpima ndani ya ndoo kwa mizani ya jirani anayeuza dagaa, na hesabu ya bwana mifugo ilikuwa kama mililita 200 kwa siku, pungufu kidogo ya kikombe cha chai. Kwa supu tunafika. Nimeongeza na chungu kidogo cha maji uani, mbali na sahani yake, na hicho anakipenda kuliko bakuli la plastiki.

Mei 15 ziwa likafungwa kwa uvuvi, miezi 3. Mgebuka ukaadimika, nami nikalazimika kuegemea mioyo ya kuku karibu kila siku. Sikupenda, lakini ile miezi ndiyo aliyokaa vizuri kuliko yote. Tangu hapo samaki nampa mara mbili kwa wiki tu.

Ziwa lilipofunguliwa katikati ya Agosti, dagaa wakarudi kuanikwa kila mahali, na Karani akaanza kurudi usiku ananuka mwalo. Wiki ya pili akachuchumaa tena kwenye beseni. Moyo ulinipasuka. Safari hii mkojo ulitoka, kidogo kidogo, bila damu, na kwa siku tano nilimwekea supu mara nne kwa siku. Sasa jua likizama mlango unafungwa naye yumo ndani, na boksi la mchanga lipo nyuma ya cherehani. Asubuhi nahesabu mabonge yaliyoloa: yakiwa matatu au manne natulia, likiwa moja naanza kupapasa tumbo.

Bibi bado anasema paka kupikiwa ni maajabu ya zama hizi. Lakini siku hizi akipika kuku, huchota supu kwanza kabla ya chumvi na kitunguu, anaifunika na sahani. Na alfajiri, kabla sijamwamkia, sauti yake inatoka chumbani:

"Mume wangu amekojoa?"