Kichupa cha Formalini

Leo asubuhi nimetayarisha dozi ya tatu ya mama mdogo, hapa Mombasa, katika chumba cha dawa nilichokizoea kwa miaka tisa. Unga mweupe wa trastuzumabu, dawa ya saratani yake ya matiti, huyeyushwa kwa maji safi ya sindano, kisha kichupa huzungushwa taratibu bila kutikiswa, kwa kuwa dawa yenyewe ni protini na ikisukwasukwa hutoa povu na kuharibika. Halafu huachwa kitulie dakika tano. Katika dakika hizo nilikuwa nikihesabu wiki tulizozipoteza.

Mwaka 1987 Dennis Slamon, daktari wa saratani wa California, na wenzake walionyesha kwamba katika baadhi ya saratani za matiti jeni ya HER2 hujirudufu, hata seli ikajaa vipokezi, yaani protini za juu ya seli zinazopokea ishara, vinavyoiamuru igawanyike bila kikomo. Baadaye ikatengenezwa kingamwili ya kukishika kipokezi hicho, ndiyo hii trastuzumabu, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1998, na tangu 2015 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nilipomweleza mama mdogo haya, alikuwa akikanda unga wa mahamri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe inakaa mlangoni, mwanangu, hodi zisifike ndani."

Ila dawa hii huwafaa wale tu ambao uvimbe wao una vipokezi hivyo kwa wingi, na hilo hujulikana kwa kipimo. Kipande cha kwanza cha uvimbe wa mama mdogo kilitiwa katika maji ya chumvi badala ya formalini, kimiminika cha kuhifadhia nyama ya mwili isiharibike, kwenye kliniki moja ya mtaani. Kilipofika maabara kilikuwa kimekwisha kuharibika, ikabidi atolewe kingine, naye hakulalamika hata neno moja. Cha pili kilipata alama 2 katika kipimo cha 0 hadi 3, ambayo si ndiyo wala si la, kikapelekwa kupimwa jeni, tukangoja tena. Tunalilia bei ya dawa, na ni kweli inaumiza, lakini kilichotuchelewesha sisi ni kimiminika cha bei ndogo kabisa.

Alasiri nimejaza formalini vichupa kumi na viwili, na kwenye kila kibandiko nikaacha nafasi ya kuandika saa, kwa kuwa kipande hakitakiwi kukaa humo chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Jumatatu nitavipeleka kliniki ile. Mama mdogo ameomba tufuatane.