Masuke matupu: jinsi nilivyotenganisha joto na upungufu wa madini katika ngano yangu

Ngano inaposimama wima huku masuke yake yakiwa meupe na matupu, majirani huwa na jibu tayari: jua limeichoma. Katika shamba ninalolikodi kati ya Njoro na Rongai, Kaunti ya Nakuru, jibu hilo lilikuwa kweli kwa sehemu tu, na ilinichukua misimu kadhaa kuibaini sehemu iliyobaki. Naeleza hapa njia niliyoifuata, kwa kuwa mkulima anayelilaumu jua peke yake hukaa akisubiri mwaka mwema, na anayeulaumu udongo peke yake huenda akamaliza fedha zake kwa mbolea isiyoweza kuliokoa ua ambalo joto limekwisha kuliharibu.

Shamba lenyewe ni la mteremko. Upande wa juu una ubaridi, upande wa chini una joto zaidi, na udongo wa pande zote mbili ni mwepesi, umetokana na majivu ya volkano na hupitisha maji upesi. Watafiti wa kilimo wamejua tangu katikati ya karne ya 20 kwamba udongo wa namna hii katika eneo la Njoro unaweza kuwa na shaba kidogo mno kwa ngano, ambayo ni miongoni mwa mazao yanayoathirika zaidi madini hayo yanapopungua.

Nilianza na joto kwa sababu ni rahisi kulipima. Kila upande nilifunga kipimajoto kwenye mti uliochomekwa shambani, kwa kimo cha masuke, nikakiwekea kivuli ili jua lisikipige moja kwa moja, na nikawa naandika kiwango cha juu cha kila siku. Ngano hujaza punje vizuri hewa inapokuwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi, au zaidi ya hapo kidogo. Ikipita nyuzi 30 katika siku za kuchanua, chavua hudhoofika au hufa, na ua lisilopata chavua hai halifanyi punje. Hatari hiyo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani, yapata wiki moja hadi siku kumi kabla ya kuchanua, suke likiwa bado limefichwa ndani ya ala ya jani la mwisho na chavua ikiwa ndiyo kwanza inatengenezwa. Anayeanza kufuatilia joto siku masuke yanapotokeza huwa amekosa kurasa muhimu kuliko zote.

Joto linalokuja baadaye, punje zikiwa zimekwisha kushika, huharibu kwa namna nyingine. Huharakisha ukomavu, hukausha majani kabla ya wakati na kufupisha muda wa kujaza, na kwa kuwa utengenezaji wa wanga huathirika kuliko ule wa protini, punje hutoka nyembamba na zenye mikunjo ingawa asilimia yake ya protini huwa juu. Mnunuzi anayepima uzito wa ujazo, yaani uzito wa punje zinazojaza chombo cha kipimo maalumu, hatailipia protini hiyo. Kwa hiyo nilijifunza kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyaita kwa jina moja, yaani suke lisilo na punje na suke lenye punje zilizosinyaa, kwa sababu la kwanza huelekeza kwenye siku za chavua na la pili kwenye siku za kujaza.

Ili kujua ni siku zipi zilizoleta hasara, nilifunga nyuzi za rangi tofauti kwenye masuke yaliyochanua katika nyakati tofauti, nikitambua kuchanua kwa vile vifuko vya chavua vya manjano vinavyoning'inia nje. Wakati wa kuvuna niliyapukuchua kwa mkono, kila rangi peke yake, na kulinganisha na daftari la joto. Upande wa chini mambo yalikuwa wazi: masuke yaliyochanua katika kipindi cha joto kali yalikuwa na mapengo mengi, na yale ya machipukizi yaliyochelewa, ambayo yalichanua hewa ilipopoa, yalikuwa na punje. Upande wa juu, ambako kipimajoto hakikukaribia nyuzi 30 hata mara moja, masuke ya rangi zote yalikuwa na mapengo, na ya machipukizi yaliyochelewa ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi. Joto haliwezi kueleza jambo hilo.

Kabla ya kuishuku shaba niling'oa mimea kadhaa na kuchunguza mizizi na sehemu ya chini ya bua, maana kuna ugonjwa wa ukungu unaoozesha mizizi na kuleta masuke meupe vilevile, ila huacha weusi unaoonekana. Mizizi yangu ilikuwa safi. Nikarudi kwenye majani. Nitrojeni inapopungua, majani ya chini hugeuka manjano kwanza, kwa kuwa mmea huihamisha kutoka majani makuukuu kwenda kwa machanga. Upungufu wa potasiamu nao huunguza kingo na ncha za majani hayohayo makuukuu. Shaba haihamishwi kwa urahisi, ndiyo sababu dalili yake huonekana kwenye majani machanga: ncha hufifia, hukauka na kujisokota, wiki kadhaa kabla ya suke. Baadaye chavua hukosa uzima kama ilivyo kwa joto, na hapo ndipo sababu hizi mbili zinapofanana kiasi cha kumkanganya hata mtu mwenye uzoefu.

Msimu uliofuata nilinunua kopa, dawa ya ukungu yenye shaba, ileile inayopuliziwa nyanya na kahawa. Muuza dawa aliniuliza ngano yangu ina ukungu gani, na nilipomwambia haina, alinitazama kwa huruma. Nilipulizia kanda nyembamba kutoka juu hadi chini ya mteremko, kwa kipimo nilichopewa na afisa wa kilimo, ngano ikiwa imemaliza kutoa machipukizi na bua likianza kurefuka, na kati ya kanda hizo niliacha nyingine bila kitu. Upande wa juu, kanda zilizopuliziwa zilijaza masuke na zile zilizoachwa zikabaki na mapengo. Upande wa chini zilizopuliziwa zilikuwa bora, lakini hazikujaa, kwa kuwa huko joto lilichukua fungu lake.

Kilichobadilisha zaidi kazi yangu, hata hivyo, ni nitrojeni. Desturi ya huku ni kumwaga mbolea ya kukuzia kwa wingi mapema ili shamba lipendeze. Nitrojeni nyingi ya mapema hukuza majani mengi, ambayo hunywa maji ya udongo kabla ya punje kuyahitaji. Maji yakiisha, majani hushindwa kujipoza kwa kutoa mvuke, na ngano iliyokuwa ikipendeza huathirika kuliko ya jirani aliyeweka kiasi. Isitoshe, ukuaji wa haraka huizidishia ngano upungufu wa shaba, hasa tabaka la juu la udongo linapokauka, kwa sababu shaba nyingi imo humo. Kuinyima ngano nitrojeni nako si dawa, maana mmea wenye njaa huyavunja majani yake mapema ili kulisha punje, na kwa macho huonekana kama uliopigwa na joto.

Sasa naweka kiasi kidogo wakati wa kupanda, na sehemu kubwa naisubirisha mpaka machipukizi yatoke na nione kama udongo una unyevu. Mvua ikikatika, mfuko unabaki ghalani. Kopa napulizia kabla ya suke kuanza kuvimba ndani ya ala, kwa kuwa baada ya hapo faida yake ni ndogo. Upande wa chini napanda mara mvua inapoanza kunyesha kwa uhakika, tena mbegu inayokomaa mapema, kama vile Duma, ambayo ilitolewa kwa ajili ya sehemu kame, ili ichanue kabla ya joto. Mvua zikichelewa hadi ratiba hiyo isiwezekane, upande huo naupanda maharagwe, na ngano naiacha juu.