Hesabu Inayozikosesha Nyumba za Kati Nafasi Nairobi

Chukua ploti ya nusu ekari, kama mita mraba 2,000, Kileleshwa au Kilimani. Mwongozo wa kanda wa 2004 uliyaweka maeneo hayo Kanda ya 4: penye bomba la majitaka, jengo lisifunike zaidi ya asilimia 35 ya ploti, na sakafu zote zikijumlishwa zisizidi asilimia 75. Yaani mita mraba 700 chini, 1,500 kwa jumla.

Sasa jaribu kujenga nyumba za kati, yaani mezoneti za mita mraba 180, orofa mbili, kila moja ikikalia 90. Saba zinaingia. Ya nane inafikisha 720, umevuka. Saba zinakupa sakafu 1,260; mita 240 ulizoruhusiwa zimekufa bure. Geuza mchoro uwe fleti, orofa nne za mita mraba 375: unatumia 1,500 zote. Toa moja ya tano ya ngazi na korido, zinabaki 1,200, ambazo ni fleti 12 za mita 100 au 24 za mita 50. Kanuni inahesabu mita, haihesabu milango. Bei ya ardhi igawe kwa saba, kisha kwa 24, utajua kwa nini mezoneti hazijengwi sana tena huko.

Kinachobana fleti ni magari. Nafasi moja ni mita 2.5 kwa 5, lakini ukiweka na njia ya kugeuzia inakaribia mita mraba 25. Magari 24 yanameza 600. Ama uchimbe chini, ama sehemu ya bustani iende.

Kwenye kanda za nusu ekari kwa nyumba moja, sababu mojawapo ilikuwa majitaka: kila mtu na tangi lake na shimo la kufyonza. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi shimo halifyonzi, linafurika mvua zikianza, kwa hivyo tahadhari ilikuwa na maana. Ila bomba likishafika, kanuni haiondoki yenyewe. Ndiyo maana nyumba ndogo pekee ya kupangisha huko mara nyingi ni SQ, kijumba cha mfanyakazi wa nyumbani, iliyo nyuma ya ua.

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ni kinyume. Ploti za Dandora, mradi ulioanza 1975, zilikuwa za mita mraba 100 hadi 160, mwenyewe ajenge polepole na kupangisha vyumba. Pipeline, mtaa wa huko huko ambako kanuni hazisimamiwi, orofa zinapita sita, vyumba vinatazama kishimo cha mwanga chembamba hadi unaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani, na wa chini anawasha taa saa sita mchana. Binafsi naona haya: masharti makali yako wanakoishi wachache.

Ukitaka kubadilisha matumizi ya ardhi, anza na hati, si mchoro. Soma masharti ya lisi, yaani mkataba wa kukodishiwa ardhi. Yakisema nyumba moja ya familia moja, mpangaji miji aliyesajiliwa akuandalie maombi kwa kaunti chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, tangazo litoke magazetini na kibao kisimame kwenye ploti ili majirani watoe pingamizi. Kosa la kawaida ni kuishia kwenye kibali cha kaunti na kuanza kumwaga zege. Lisi ikibaki haijarekebishwa, siku ya kuzigawa fleti hati, kila moja na yake, faili inarudi na karatasi bado inasema nyumba moja.