Baba wa Sura ya Nne

Wiki hii yote nimekuwa na baba. Alifariki zamani, lakini sura ya nne ya kitabu ninachoandika ni yake, na kila asubuhi nikikaa mezani yeye ndiye ninayemkuta.

Siongezi neno jipya kabla ya kusoma kwa sauti nilichoandika jana. Kwa sauti kabisa, mlango ukiwa umefungwa. Nikisoma kimya macho yanapita juu ya mengi, ila sentensi niliyoiandika ili msomaji anihurumie naisikia mara tu inapotoka mdomoni, na papo hapo naipiga mstari. Asubuhi nyingine huishia hapo: nimefuta aya nzima, sijaandika kitu, na kazi ya siku imekwisha.

Naandika kwa mkono, kwenye ukurasa wa kulia wa daftari tu. Ule wa kushoto nauacha kwa maswali. Nani alikuwepo? Hili niliona mwenyewe au niliambiwa? Kama niliambiwa, na nani, na yeye alikuwa na ugomvi na nani? Naamini kurasa za kushoto ndizo zinazobeba kitabu. Mtu akisema anakumbuka utoto wake, mara nyingi anakumbuka alivyosimuliwa na mama yake, au picha iliyotundikwa sebuleni. Ndiyo maana albamu sizigusi mpaka nimalize rasimu ya kwanza. Picha hufuta kila kilichobaki nje ya fremu, na ukishaitazama ni vigumu kumwona tena yule mtu akitembea.

Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett aliwapa watu ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini waisome, kisha baada ya muda akawataka waisimulie upya. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1932 alionyesha jinsi ngano ile ilivyozidi kufupika na kufanana na mambo waliyoyazoea wasimuliaji. Hata mitumbwi ikageuka kuwa mashua. Watu wale hawakuwa wamekusudia kudanganya. Hilo linanipa hofu kuliko uongo, kwa sababu mwongo angalau anajua ukweli ameuficha wapi.

Kwa hofu hiyo nimejiwekea sharti kuhusu mazungumzo. Sitii alama za kunukuu ila kwa maneno yaliyosemwa nyumbani mara nyingi kiasi kwamba sikio lilibaki nayo. Baba alikuwa na sentensi chache za namna hiyo. “Maliza ulichoanza” ilikuwa mojawapo. Aliitumia kwa hesabu za shule, kwa kufagia ua, hata kwa ugomvi wetu sisi watoto. Mengine yote nayasimulia tu: alikubali hili, akakataa lile. Mhariri wangu angependa watu waongee zaidi, na ninamwelewa, kwani ukurasa wenye mazungumzo husomeka upesi. Lakini siwezi kumtungia marehemu maneno, nikayafunga kwa alama za kunukuu, halafu nikasema huyu ndiye baba yangu.

Jioni ni za kusoma. Nikiwa katikati ya rasimu nasoma mashairi kuliko nathari, kwa sababu tawasifu ya mtu mwingine ikinikolea, kesho yake najikuta naandika kwa mwendo wake. Ninayemruhusu wakati wowote ni Shaaban Robert. Katika Maisha Yangu, iliyochapishwa mwaka 1949, anatusimulia kwa nathari tulivu, lakini kifo cha mkewe Amina anakililia kwa shairi. Kila nikifika pale nasimama. Naona mtu aliyejua kwamba kuna mahali maelezo hayafiki, naye hakuona haya kubadili chombo.

Safari hii, hata hivyo, nimevunja utaratibu wangu kwa ajili ya Frederick Douglass, Mmarekani aliyezaliwa mtumwa akatoroka mwaka 1838. Maisha yake aliyaandika kwa vitabu vitatu, vilivyotoka 1845, 1855 na 1881. Nimeviweka mezani vile viwili vya kwanza, kimoja kando ya kingine, nikawa namtafuta mama yake. Katika kile cha 1845 mama anapita upesi. Walitenganishwa mtoto akiwa mchanga, wakaonana mara chache tu na tena usiku, na taarifa za kifo chake mwana anasema alizipokea karibu kama za kifo cha mgeni. Miaka kumi baadaye mama yule yule ana uso, ana sauti, ana hasira. Mtoto amenyimwa chakula na mpishi. Mama anatokea usiku huo, anamkaripia mpishi, anampa mwanawe keki ya tangawizi. Tunaambiwa pia kwamba alijua kusoma, na kwamba mapenzi ya herufi mwana anayahesabu kuwa ni urithi kutoka kwake.

Mtu anaweza kusema kumbukumbu imepambwa. Mimi sioni hivyo. Douglass wa 1845 alikuwa bado mtoro machoni pa sheria, na wapo waliotilia shaka kama kweli aliwahi kuwa mtumwa. Alihitaji ushahidi. Mwaka 1855 alikuwa mtu huru, na nadhani ndipo alipopata nafasi ya kukaa na mama yake bila kuwa na hakimu mbele yake.

Nimerudi kwenye sura ya nne kwa macho hayo. Niliyoyaandika ni kweli, na tarehe zake nimezihakiki kwa barua na magazeti ya wakati ule. Lakini baba anaingia kila ukurasa kukataza tu, kisha anatoka. Hana mikono. Kwa siku kadhaa sasa kurasa za kushoto zimejaa vitu vya namna nyingine: alivyokuwa akikaa kitako akirudi kazini, bila kuvua viatu, mpaka giza liingie, alivyoandika barua kwa penseli kwanza, akazisoma zote, ndipo akazipitia kwa wino. Alizisoma kwa sauti, nakumbuka sasa. Makatazo yake sitayaondoa, maana yaliniumiza na mengine yananiuma mpaka leo. Ninachotaka ni msomaji ajue yametoka kwa mtu gani.

Dada yangu ndiye atakayeisoma kwanza. Aliye hai na ametajwa katika sura huisoma kabla ya mhariri; tukio lililokosewa nalirekebisha, maoni yangu nabaki nayo. Dada alilelewa na baba mchangamfu kuliko wangu, kwa kuwa yeye alizaliwa mapema, kabla nyumba haijawa na dhiki, na tangu zamani tumekuwa tukibishana kama wasimulizi wa wazee wawili tofauti. Ameshaomba mambo mawili yasiandikwe. La kwanza ni siri yake mwenyewe, nimelitoa bila kuuliza sababu. La pili ni usiku ambao baba alinifungia nje. Hilo lilinipata mimi, na linabaki. Nimemwambia hivyo kwenye simu. Amenyamaza kidogo, akasema tutalizungumza akija Jumapili.