Hela ya picha iko wapi?

Bagamoyo, Alhamisi usiku

Kuna kampuni ya mikopo ya simu inatembeza picha niliyoipiga mimi mtandaoni kama tangazo lake. Nimerushiwa asubuhi na kijana mmoja wa ufukweni, akiniuliza kama mama wa samaki siku hizi anakopesha. Ni yule mama anayekaanga vibua na changu karibu na soko la samaki, wengi wa hapa mjini mnamfahamu. Sura ni yake, kanga ni yake, moshi ni wa kuni zake. Maneno si yake. Wamemwandikia pembeni kwamba mkopo wao umemwinua kibiashara, wakati mtaji wake wote ninaoujua mimi ni wa kikoba cha wanawake wenzake.

Nimeikuza ile picha kwenye kompyuta nikaikagua kipande kwa kipande. Jina langu huwa naliandika chini kulia, herufi nyeupe ndogo. Upande huo haupo. Wameukata wote, na pamoja na jina umekwenda ukingo wa karai, kijiko cha matundu, na mkia wa kibua uliokuwa ukichuruzika mafuta. Kilichobaki ni mkono wa mama umenyooka kuelekea patupu, naye anacheka meno yote nje. Asiyejua atadhani anaita watu waje kukopa. Alikuwa anageuza samaki, na kilichomchekesha ni mvuvi mmoja nyuma yangu aliyekuwa akivutana na dalali wa mnada juu ya bei ya kolekole.

Hasira ya kwanza ilikuwa ya jina langu. Ya pili imekuja nilipomfikiria yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo inayoniandikisha usiku huu.

Jambo hili likimtokea mmoja wetu tunaopiga picha hapa, ushauri unaomiminika ni ule ule: ungeifungia, ungeandika jina katikati, ungeacha kuiweka mtandaoni. Nimeyapima yote hayo kwa miaka, na leo nimeyapima tena.

Kuifungia hakusaidii kitu. Zipo tovuti zinazomzuia mtu kubofya kulia na kuhifadhi picha. Kinga hiyo humchelewesha mvivu mwenye kompyuta, basi. Kwenye simu mtu anapiga skrinishoti na kazi imekwisha. Kioo kikikataa skrinishoti, simu ya pili itakipiga picha kioo chenyewe.

Kupunguza ukubwa kuna maana zaidi, nami nafanya. Kamera yangu ya megapikseli 24 inatoa picha yenye pikseli 6000 kwa 4000. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango wanachokipenda wachapaji wa vitabu na kalenda, unapata upana wa inchi 20. Ninayoiweka mtandaoni ina pikseli 1200 upande mrefu, na kwa kiwango kile kile inatoka inchi 4 tu. Atakayeichukua akachapishe kalenda nzuri ya ukutani ataishia kupata kitu chenye ukungu. Lakini tangazo la mkopo halina haja ya ukuta. Linaishi kwenye simu, na kwenye simu pikseli 1200 zinatosha na kubaki. Kinga hii inagota hapo.

Halafu jina juu ya picha. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba ukiweka nembo ile ile, kwa namna ile ile, kwenye picha nyingi, kompyuta inaweza kuzilinganisha picha hizo, ikaijua nembo ilivyo na kuifuta yenyewe bila mtu kushika kifutio. Walichopendekeza ni kuipinda nembo kidogo kidogo, tofauti katika kila picha, ili hesabu ya kompyuta isikae sawa. Tangu hapo akili mnemba imeingia kwenye simu za kawaida, na kufuta maandishi juu ya anga au mchanga kumekuwa kazi ya kidole kimoja. Nembo ya kona ni rahisi zaidi: inakatwa, kama hivi. Iliyobaki ni kuliandika kubwa, katikati. Kwa picha za harusi ambazo mteja hajamaliza kulipa nafanya hivyo, na sioni vibaya, maana ile ni sampuli ya kuchagulia. Kwa picha ya mama huyu sitafanya. Jina langu lingepita kwenye macho yake na mashavu yake. Siwezi kumwandika mtu jina langu usoni kisha nikasema nimemlinda.

Ninachokiamini ni kitu ambacho hakionekani mtandaoni kabisa, yaani faili ghafi, kile kihisi cha kamera kilichokirekodi kabla ya kamera kukipika kuwa picha. Ni zito, simu nyingi hazilifungui, na simpi mtu, hata mteja mkubwa. La mama wa samaki liko kwenye diski mbili, moja hapa nyumbani na nyingine kwa dada yangu Chalinze. Ndani yake fremu ni nzima: karai, kijiko, kibua, na nyuma yake tezi la mashua lenye mstari wa buluu. Fremu za kabla na za baada zipo pia. Mama anainama kuchochea moto. Mama anafuta jasho kwa ncha ya kanga. Mama ananikodolea macho, kama anayeniuliza bado tu. Mwenye tangazo ana fremu moja, tena iliyopungua. Akiambiwa alete ya kabla yake, hana pa kuitoa. Ndiyo maana vijana wanaofuta faili ghafi ili wapate nafasi ya harusi inayofuata huwa wananiumiza roho. Nunueni diski, jamani.

Kingine ni maelezo yanayofichwa ndani ya faili la picha: jina la mpigapicha, tamko la haki, mahali, tarehe, na maneno machache ya kueleza kilichomo. Programu nyingi za kuhariri zina sehemu ya kuyajaza mara moja yakaingia kwenye picha zote. Udhaifu wake ni kwamba ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, yanavuliwa njiani. Yanabaki ukiituma kama hati. Mitandao mingine nayo huyavua, yote au baadhi. Hata hivyo nayajaza, kwa sababu picha isiyo na maneno haichelewi kupata kwao kwingine. Leo mchana nimeipeleka kwenye utafutaji wa Google wa kutumia picha, na kwenye TinEye, tovuti nyingine ya kutafutia picha, nikamkuta mama yule kwenye ukurasa wa utalii akiwa mtu wa Zanzibar, na kwingine akiwa wa Mombasa. Bagamoyo haitajwi popote.

Nimekuwa nikimfikiria Daniel Morel, mpigapicha wa Haiti. Tetemeko la Januari 2010 lilimkuta Port-au-Prince, akapiga, akarusha picha zake mtandaoni siku ile ile. Mtu mwingine akazichukua na kuzitoa upya kama zake, shirika la habari la AFP likazisambaza, na Getty, wakala wa kuuza picha, nao wakazigawa. Mwaka 2013 jopo la raia katika mahakama moja ya New York liliamua alipwe dola milioni 1.2. Huwa naisimulia habari hii kwa sababu ya utetezi uliokataliwa: kwamba picha ikishawekwa kwenye mtandao wa kijamii, basi ni ya kuokota.

Kwetu nako si ya kuokota. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inailinda picha tangu inapopigwa. Haikutaki uwe umeiandikisha popote. Kujisajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, kunakusaidia kwa ushahidi, ila haki yenyewe unayo tayari. Ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Na ndani ya sheria hiyo hiyo mtunzi ana haki ya kutajwa, na haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomshushia heshima. Huko nje tunalindwa na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994.

Hayo yote ni yangu mimi, mpigapicha. Jioni nikaenda kwa mwenye sura.

Nimemkuta anasugua karai kwa mchanga, moto umeshazimwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea hela yangu?"

Hakuwa anatania. Wenzake wa kikoba wameliona tangazo, na marejesho yake ya mwezi huu yamechelewa. Wanasema amelipwa na kampuni, anaficha. Mmoja amemwambia mbele za watu kwamba mwenye sura kwenye simu za nchi nzima hawezi kukosa rejesho. Halafu akaja baba mmoja wa Magomeni hii yetu ya hapa, aliyekopa kwenye programu ile, akashindwa, na wakaanza kuwapigia ndugu zake wote waliokuwemo kwenye simu yake. Mikopo ile tunayoiita kausha damu. Yule baba amekuja kusimama penye karai na kumwambia mama kwamba ni yeye aliyemponza, maana alimwona akicheka.

"Hela ya picha iko wapi?" akaniuliza tena. Nikamweleza kwamba hakuna hela, wamechukua bila kuniuliza. Akanyamaza kidogo, akageuza karai upande wa pili.

"Wewe uliniambia itakaa kwenye maonyesho na kwenye ukurasa wako. Nikakukubalia wewe. Hao sikuwakubalia."

Nimerudi na maneno hayo nyumbani, na kila nikiyageuza nayaona yamesema kila kitu ambacho nimekuwa nikikizunguka katika mabishano ya nembo na pikseli. Ruhusa aliyonipa ilikuwa na mipaka, nami ndiye niliyeichora mbele yake kwa mdomo wangu. Picha inapochukuliwa, ruhusa yake inachukuliwa nayo, na kupelekwa mahali ambapo angekataa kata kata kama angeulizwa. Jina langu likikatwa, nimekosa malipo. Yeye amekosa kuaminiwa na watu anaowaona kila siku, na wasipomwamini, kikoba hakimpi mtaji.

Pwani hii ina historia ndefu ya jambo hili. Kadi za posta za enzi za Wajerumani na Waingereza zimejaa watu wetu: wanawake waliovaa kanga, wapagazi, watoto. Kwenye nyingi yameandikwa majina ya wenye studio, kina Gomes na kina Coutinho wa Zanzibar. Tunawajua waliopiga na waliouza. Aliyepigwa ameandikwa tu mwanamke wa Kiswahili, kama ameandikwa kabisa, na sura yake imevuka bahari na kuuzwa kwa watu asiowajua. Ninapopita pale Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, kwenye nyumba ambazo milango yake ilipigwa picha nyakati hizo, huwa najiuliza kama yupo aliyerudi kumwambia yeyote kati yao picha yake imefika wapi.

Kwa hiyo leo nimefanya yaliyo ndani ya uwezo wangu. Kabla ya kulalamika popote nimehifadhi ushahidi: skrinishoti za tangazo zikionyesha tarehe, jina la akaunti na anwani ya ukurasa, kwa sababu wakishtuka hufuta, na baada ya hapo ni neno lako na lao. Kisha nimejaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya mtandao wanaolitangazia. Fomu hizi zipo karibu kila mtandao mkubwa, msingi wake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, na mtu yeyote mwenye haki anaweza kuzijaza, hata kwa kutumia simu.

Baada ya hapo nikaandika ankara. Ina mistari miwili. Wa kwanza ni matumizi ya picha bila idhini ya mpigapicha. Wa pili ni matumizi ya sura bila idhini ya mwenye sura, na kiasi chake ni sawasawa na cha kwanza. Pamoja nayo nimeweka barua ya mama, ambayo nimeiandika akinitamkia, naye akaitia sahihi mwenyewe, inayotaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sura inayomtambulisha mtu ni taarifa yake, na Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo inapokea malalamiko ya mwananchi wa kawaida. Wasipojibu, yangu yatakwenda COSOTA na yake yatakwenda kwenye Tume, tutaongozana.

Na kuanzia sasa kila ninayempiga picha kwa karibu nitamwambia mambo matatu kabla sijainua kamera: itakaa wapi, nani anaweza kuiiba, na tutafanya nini pamoja ikiibwa. Wapo watakaokataa, na itakuwa haki yao. Wiki ijayo nina kazi na vijana wa ngoma wanaofanya mazoezi karibu na TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, nitaanzia kwao.

Mama ameomba barua nyingine, fupi, ya wenzake wa kikoba, inayosema hakulipwa hata shilingi. Nimeshaichapa. Wanakutana Jumamosi saa kumi alasiri, nami nitakuwepo, maana wana maswali na wana haki ya kuniuliza mimi badala ya kumuuliza yeye.