Marumaru inapolia utupu

Jamani, kama mmebandikiwa vigae vya mawe asilia kama marumaru nyumbani, gongeni kila kigae kwa mpini wa bisibisi. Kilichoshika hutoa sauti nzito. Kisichoshika hulia kama kopo tupu. Sebuleni kwetu, vya mlangoni vyote vililia.

Nilikwangua grauti (ule ujazo wa mapengo kati ya vigae), nikabandua kimoja kwa patasi, na kisa kikaonekana: fundi aliweka mabonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati. Kwingine kote uwazi mtupu! Jiwe likikanyagwa juu ya uwazi hupasuka, tena kwa kufuata mshipa wake. Halafu gundi yenyewe ilikuwa ya kijivu, na marumaru nyeupe huonyesha kilicho chini yake, ndiyo maana ya yale madoa yasiyosafishika. Kwa marumaru nyeupe ni gundi nyeupe tu.

Kurudishia kunataka subira. Gundi ya zamani itolewe yote hadi kwenye saruji, vumbi lifutwe, gundi mpya itandazwe kwa mwiko wa meno iache mistari, na mgongo wa kigae nao upakwe tabaka jembamba.

Utando wa grauti unaobaki juu ya vigae msiuondoe kwa siki wala ndimu, nawasihi! Marumaru ni jamii ya chokaa. Asidi hula mng'ao wake, na haurudi bila kusuguliwa upya. Pakeni dawa ya kuziba vitundu vidogo vya jiwe kabla ya kujaza grauti.

Leo nimedondoshea maji vigae nilivyopaka dawa hiyo, matone yamesimama juu. Vya bafuni bado yanazama, kwa hiyo kesho ni zamu yao.