Stima iliua kompyuta mbili za saiba yangu, hivi ndivyo nilizirudisha

Ilikuwa siku mbili kabla ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kufaili ritani za ushuru, na wale mnafanya kazi ya saiba mnajua hiyo wiki ni mavuno, kila mtu alisahau KRA (watu wa ushuru) tangu Januari anaikumbuka siku moja, na mi hapa Kayole nilikuwa na watu kama sita kwa benchi wanangoja ritani, wengi wao zile za sufuri, za wasio na mapato. Taa zikafifia kwanza. Halafu zikawaka, lakini si kuwaka kwa kawaida, balbu ilikuwa nyeupe hadi inauma macho na feni ya dirishani ikaanza kulia kama mathree inapanda mlima na gia mbaya. Nikaskia pap! chini ya meza, halafu pap! ingine, halafu ile harufu ya kapasita (vile vikopo vidogo vya kuweka stima ndani ya mashine) ikiungua, ambayo kama umewahi kuinusa huwezi isahau, ni kama samaki na plastiki vimeungulia sufuria moja. Mama mmoja kwa benchi ndiye alipiga kelele "kijana, toa hiyo kitu kwa ukuta!" na ndio nikakumbuka kuna swichi.

Kilichonishangaza ni jirani yangu wa saluni. Yeye stima yake ilishuka badala ya kupanda, ati draya ilikuwa inapuliza hewa ya baridi. Ploti moja, dakika ile ile. Fundi wa stima wa mtaa alipokuja akafungua boksi kubwa ya ploti akanionyesha skrubu ya nyutro, ile waya ya kurudisha stima, imelegea na waya imekuwa nyeusi kama mkaa. Akanieleza hivi: ploti inaingiziwa fezi tatu, yaani waya tatu za kuleta stima, na nyutro moja ya wote, na kila nyumba inapata volti 240 kati ya fezi yake na hiyo nyutro. Nyutro ikiachia, nyumba ya fezi moja inajipata imeunganishwa na nyumba ya fezi ingine, na kati ya fezi na fezi ni volti 415, sasa wanagawana na si kwa usawa, mwenye mzigo mdogo ndiye anapata nyingi. "Huyu wa saluni ako na vitu nzito, wewe uko na balbu na kompyuta, kwa hivyo wewe ndio umekula," akasema. Mi maisha yote nilidhani vitu huungua kwa sababu ya radi ama stima ikirudi kwa nguvu.

Landilodi alizunguka zunguka lakini asubuhi yake akatoa pesa ya waya mpya. Sikununua hata kitu ya bob kumi hadi fundi akachomeka multimita, kile kipima volti, kwa soketi yangu na mi nikiangalia, ikasoma 238. Printa ilipona kwa sababu ilikuwa imezimwa pale kwa soketi, sifa zote kwa uvivu wangu.

Sasa kompyuta. Moja ni ya kuunganishwa na fundi kwa vipande tofauti na ingine ni Dell OptiPlex 7020, eksi-UK, yaani imetumika Uingereza kwanza. Ile ya kwanza nilipima pawa saplai, ile boksi inayoipa kompyuta stima, nje ya mashine kwa kile kitu mafundi wote hufanya, unaiwasha kwa ukuta halafu unachukua kipande cha waya unaunganisha waya ya kijani na nyeusi yoyote kwa ile plagi kubwa, ikiwa nzima feni inazunguka. Kimya. Ile Dell iko na batani ndogo nyuma pale kwa pawa saplai, ukifinya taa ya kijani inafaa kuwaka, nayo kimya. (Usifungue hiyo boksi ya pawa saplai ati uone ndani, hata ikiwa imechomolewa zile kapasita kubwa zinaweza kuwa zimebaki na volti zaidi ya 300 na hazina adabu.)

Nikabeba pawa saplai zote mbili kwa mfuko hadi Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki tao. Duka la kwanza jamaa hata hakuangalia, "boss hizo ni za mazishi, chukua eksi-UK ingine hapa ukae na amani." Nikatoka. Ya ile kompyuta ya kuunganishwa nilipata yuzdi kwa 1,500, tukaipima hapo kwa kaunta. Ya Dell ilinizungusha kwa sababu hiyo modeli haitumii plagi ya pini 24, inatumia ya pini nane, bila ile ya zamani mkononi ningerudi nyumbani na kitu haiingii. 2,500.

Ile ya kuunganishwa iliwaka mara moja, ila tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka na brauza ikawa inakataa kufungua iTax, tovuti ya KRA ya ritani, ati si salama. Nikabadilisha betri ya CR2032, ile bapa inayotunza saa ya kompyuta, bob 50, na tarehe 30 nikafanya kazi na mashine moja hadi usiku wa manane.

Dell ndio ilinitoa jasho. Nafinya batani, feni inashtuka nusu mzunguko, inakufa. Nikajiambia madabodi, ile bodi kubwa ya ndani, imeenda, nikarudi tao nayo nikapatana na mtu 5,000 kwa madabodi yuzdi, simu ya M-Pesa iko mkononi, ndio kijana wa kibanda cha kando anayetengeneza laptop akauliza, "Kaka, umechomoa diski?" Sikuwa nimechomoa. Akasema toa kila kitu uache prosesa na RAM (kadi ya memori) moja. Feni ikazunguka, nembo ikatokea kwa skrini. Rudisha diski, kufa. Akaipindua hiyo diski, akatoa ile sakiti ya chini, akagusisha multimita kwa kadude keusi kadogo kama punje ya mchele karibu na mahali waya ya stima inaingilia, ikalia piiii. "Hii ni daiodi ya kulinda, volti ikizidi inajitoa mhanga inashika shoti ndio zingine zipone. Imekufa ikiwa kazini." Alikatoa kwa solda na kibanio, dakika mbili, na diski ikanguruma kama zamani. Mwenye kaunta alikuwa amenishauri ninunue sakiti ya diski kama hiyo nibadilishe tu, huyu akacheka, ati kuna chipu ndogo hapo yenye taarifa za diski yenyewe, usipoihamisha pia diski haisomi.

Lakini akaniambia hiyo diski sasa haina mlinzi, kazi yake ni kukopi tu. Tulikaa kwa kibanda masaa matatu nikihamisha kazi za wateja kwenda SSD, diski ya aina mpya, ya 3,200. Yeye alitaka elfu moja na sikubageini.

Nimeweka kile kidude cha kukata stima volti ikizidi, kikikata kinangoja dakika kadhaa kabla kirudishe, wateja hulalamika. Risiti zote nilimpelekea landilodi, akasema atazitoa kwa kodi ya saiba. Mwezi wa nane nililipa kodi yote.